Kurudi kutoka Babeli: Riziki ya Waliorejea Yerusalemu

Kurudi kwa Wayahudi kutoka uhamisho wa Babeli ni mfululizo wa safari zilizoanza takriban mwaka 538 KK, baada ya Koreshi Mkuu wa Uajemi kuiteka Babeli, na kuendelea kwa karibu miaka 100. Habari zake zimo hasa katika vitabu vya Ezra na Nehemia, pamoja na manabii Hagai na Zekaria. Wengi wetu tumezipokea kama habari za imani: watu waliacha makazi yao, wakamtegemea Mungu, wakafika salama. Ndivyo ilivyo. Lakini anayevisoma vitabu hivyo bila haraka atashangaa jinsi vilivyojaa orodha, mizani, kodi, madeni na vipimo vya nafaka. Walioviandika waliamini kwamba mpaji ni Mungu, na papo hapo wakaandika nani alitoa nini, kiasi gani, na nani alikipokea.

Maisha ya uhamishoni

Nebukadneza wa Pili aliwahamisha watu wa Yuda kwa mikupuo. Mwaka 597 KK alimchukua mfalme kijana Yekonia pamoja na wakuu wake, askari na mafundi. Mwaka 586 KK, au 587 kwa hesabu ya wanahistoria wengine, jeshi lake liliuteketeza mji wa Yerusalemu na Hekalu la Sulemani. Walioachwa nyuma ni maskini wa mashambani, watunze mizabibu na kulima.

Huko Babeli hawakuwekwa gerezani. Vibao vya udongo vilivyofukuliwa katika magofu ya Babeli, vya takriban mwaka 592 KK, vinaonyesha Yekonia mwenyewe, akiitwa mfalme wa Yuda, akipimiwa mgao wa mafuta kutoka ghala la mfalme, naye ana wanawe watano. Vibao vingine vipatavyo 200, vya kati ya miaka 572 na 477 KK, vinahusu kijiji kilichoitwa Al-Yahudu, yaani Mji wa Yuda, pamoja na vijiji jirani. Humo Wayahudi wanalima shayiri na mitende, wanakodi ardhi, wanakopeshana, wanalipa kodi. Nabii Yeremia alikuwa amewaandikia barua akiwataka wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea heri mji uliowateka. Kwa ushahidi wa vibao hivyo, wengi walimsikia.

Ndiyo maana Koreshi alipofungua mlango, haikuwa rahisi kuutoka. Aliyekuwa na shamba la mitende linalonyweshwa na mfereji aliambiwa aende kwenye vilima vya mawe ambako mvua hunyesha ikipenda. Na kwa miaka ile karibu 50 tangu Hekalu lichomwe, wengi wa walioulizwa swali hilo walikuwa wamezaliwa Babeli. Yerusalemu waliijua kwa masimulizi ya wazee tu.

Amri ya Koreshi

Babeli iliangukia mikononi mwa Waajemi Oktoba 539 KK. Kitabu cha Ezra kinaitoa amri ya Koreshi mara mbili. Katika sura ya 1 ipo kwa Kiebrania, kama tangazo la kupigiwa mbiu. Katika sura ya 6 ipo kwa Kiaramu, lugha ya ofisi za milki, na imeandikwa kikarani kabisa: nyumba iwe na kimo cha dhiraa 60 na upana wa dhiraa 60, safu tatu za mawe makubwa na safu moja ya miti, gharama zitoke katika nyumba ya mfalme. Urefu hautajwi.

Mwaka 1879 ilipatikana Babeli silinda ya udongo yenye maandishi ya Koreshi, ambayo leo imo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Haiwataji Wayahudi wala Yerusalemu. Inasema Marduki, mungu mkuu wa Babeli, ndiye aliyemchagua Koreshi, na kwamba mfalme huyo alizirudisha sanamu za miungu katika mahekalu ya miji ya ng'ambo ya mto Tigri na kuwakusanya watu wao warudi makwao. Kwa hiyo kilichowapata Wayahudi kilikuwa sehemu ya siasa ya milki nzima. Mfalme alitaka wananchi watulivu, na Yuda ilikuwa njiani kuelekea Misri, nchi ambayo mwanawe Kambise aliiteka mwaka 525 KK.

Je, hilo linaipunguza habari ya Biblia? Kwa waandishi wake, hapana. Kitabu cha Isaya kinamwita Koreshi mpakwa mafuta wa Bwana, cheo kisichopewa mfalme mwingine yeyote wa kigeni, na hapo hapo kinakiri kwamba mtu huyo hakumjua Mungu wa Israeli. Kwao mfalme aweza kuwa na hesabu zake na Mungu akawa na zake.

Vyombo vya Hekalu, ambavyo Nebukadneza alikuwa amevipora, vilitolewa na Mithredathi mtunza hazina, vikahesabiwa mbele ya Sheshbaza mkuu wa Yuda: sinia 30 za dhahabu, sinia 1,000 za fedha, visu 29, mabakuli 30 ya dhahabu, mabakuli 410 ya fedha, na vyombo vingine 1,000. Jumla iliyoandikwa ni 5,400. Ukijumlisha mwenyewe unapata 2,499. Wafasiri wamelieleza pengo hilo kwa namna nyingi, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba baadhi ya mistari ya orodha ilipotea katika kunakiliwa. Wala si hesabu hiyo peke yake isiyokutana: waliorudi kwa jumla wanatajwa kuwa 42,360, ilhali ukijumlisha jamaa moja moja katika Ezra sura ya 2 unapata 29,818, na katika orodha pacha ya Nehemia 31,089.

Hata hivyo orodha hiyo ina mengi ya kueleza. Mbali na hao 42,360 kulikuwa na watumishi 7,337. Wanyama walikuwa farasi 736, nyumbu 245, ngamia 435 na punda 6,720. Ni mnyama mmoja kwa kila watu sita, na mnyama mwenyewe mara nyingi ni punda aliyebeba unga, maji na mahema. Watu walitembea kwa miguu.

Kuna idadi nyingine ndogo inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Makuhani waliorudi walikuwa 4,289. Walawi, wasaidizi wao katika ibada, walikuwa 74 tu. Sheria haikuwa imewapa Walawi fungu la ardhi kama makabila mengine; wao waliishi kwa zaka za ndugu zao. Mkulima aliyerudi alijua kwamba akifika atashika jembe. Mlawi aliyerudi alitegemea jembe la mwenzake, katika nchi ambayo bado haijalimwa. Vitabu havisemi kwa nini walikuwa wachache, lakini mtu yeyote aliyewahi kuishi kwa sadaka za wengine hahitaji kuelezwa.

Njaa ya mwaka 520 KK

Waliofika walijenga madhabahu kwanza, chini ya liwali Zerubabeli na kuhani mkuu Yoshua. Mwaka wa pili wakaweka msingi wa Hekalu; vijana walipiga kelele za furaha na wazee waliolikumbuka Hekalu la kwanza walilia, hata sauti zisipambanuke. Kisha majirani wakawapinga, kazi ikasimama kwa miaka kumi na kitu.

Hagai alisimama kunena siku ya kwanza ya mwezi wa sita, mwaka wa pili wa mfalme Dario wa Uajemi, tarehe ambayo kwa kalenda yetu huwekwa mwishoni mwa Agosti 520 KK. Hali aliyoikuta ilikuwa mbaya. Watu walipanda nyingi wakavuna haba. Walikula wasishibe, walivaa wasipate joto, na ujira wa kibarua ulipotea kana kwamba umetiwa kwenye mfuko uliotoboka. Kulikuwa na ukame juu ya nafaka, divai na mafuta. Kwa nabii sababu ilikuwa moja: watu walikaa katika nyumba zilizopambwa mbao na nyumba ya Mungu ikawa gofu.

Maneno hayo husomwa sana katika harambee za kujenga makanisa, na mara nyingi husomwa nusu. Inasahauliwa kwamba Hagai alianza na wakubwa, liwali na kuhani mkuu, kabla ya kuwageukia raia. Na kwamba aliwataka watu wapande mlimani wakalete miti, bila kuwaambia wakakope. Siku 23 baadaye kazi ilianza. Miezi mitatu baada ya hapo, siku ya 24 ya mwezi wa tisa, majira ya kupanda, akawaambia baraka itaanza siku hiyo, wakati mzabibu, mtini na mzeituni bado haijazaa. Hiyo ndiyo ahadi pekee aliyowapa kuhusu chakula, nayo waliipokea wakiwa hawana mavuno mkononi.

Msaada uliofuata ulipitia mlango usiotarajiwa. Tatenai, liwali wa jimbo la Ng'ambo ya Mto, alikuja kukagua, akaandika barua kwa Dario kuuliza kama kweli kuna kibali. Kumbukumbu ya Koreshi ikatafutwa, ikapatikana Ahmetha, mji wa Umedi. Dario akajibu kwamba gharama zilipwe kutoka kodi za jimbo lile lile la Tatenai, na makuhani wapewe kila siku ng'ombe, kondoo, ngano, chumvi, divai na mafuta ya sadaka. Aliyekuja kuuliza kwa shaka akageuzwa mlipaji. Hekalu lilimalizika mwezi wa Adari mwaka wa sita wa Dario, yaani 515 KK, karibu miaka 70 baada ya lile la kwanza kuchomwa.

Ezra kando ya Ahava

Takriban miaka 57 baadaye, mwaka 458 KK kwa hesabu ya kawaida, kuhani na mwandishi Ezra aliondoka Babeli na kundi la pili. Baadhi ya wataalamu humweka mwaka 398 KK, chini ya Artashasta wa Pili, lakini mwenendo wa safari yenyewe haubadiliki.

Ezra alikusanya watu kando ya mto Ahava, wakapiga kambi siku tatu. Akawakagua: wanaume wapatao 1,500 na jamaa zao, makuhani wapo, Walawi hakuna hata mmoja. Akatuma wajumbe kwa Ido, kiongozi wa huko Kasifia. Wakaja Walawi 38, na pamoja nao watumishi wa Hekalu 220. Hofu ile ya Walawi ya 538 KK ilikuwa haijaisha.

Kisha likaja suala la usalama. Njia ilifuata mto Frati kwenda kaskazini-magharibi na kushuka kupitia Shamu, takriban kilomita 1,400, na wavamizi walikuwepo. Mfalme Artashasta angetoa askari kama angeombwa. Ezra hakuomba. Anaeleza sababu kwa unyoofu usio wa kawaida: alikuwa ameshamwambia mfalme kwamba mkono wa Mungu wao huwa juu ya wote wamtafutao, na sasa aliona haya kugeuka na kuomba wapanda farasi. Hakusema kwamba hakuwa na hofu. Alitangaza mfungo, wakaomba njia iliyonyooka kwa ajili yao, watoto wao na mali zao.

Na mali ilikuwepo. Artashasta na washauri wake walikuwa wametoa fedha na dhahabu, na Wayahudi wa Babeli wameongeza. Tena mfalme aliwaagiza watunza hazina wa jimbo wampe Ezra hadi talanta 100 za fedha, kori 100 za ngano, bathi 100 za divai, bathi 100 za mafuta, na chumvi bila kipimo. Ezra aliona haya kuomba askari. Kupokea fedha hakuona haya. Kwake hayo yalikuwa mambo mawili. Sadaka ya mfalme kwa Hekalu ilimheshimu Mungu wa Hekalu, bali ulinzi ulikuwa ndiyo hoja yenyewe aliyoitolea ushuhuda ikulu. Mtu aliyesema neno hadharani alitaka kuishi kwalo.

Baada ya mfungo alifanya jambo ambalo mahubiri hulipita haraka. Aliwaita makuhani 12 na Walawi, akawapimia mkononi mwao fedha talanta 650, vyombo vya fedha talanta 100, dhahabu talanta 100, mabakuli 20 ya dhahabu na vyombo viwili vya shaba safi iliyong'arishwa. Talanta moja ilikuwa na uzito wa takriban kilo 30, kwa hiyo fedha pekee ingekuwa tani 20 hivi. Wataalamu wengi huona hesabu hizo zimekuzwa. Hata zikikatwa mara kumi, ni utajiri wa kutosha kumwua mtu njiani. Aliwaagiza wavilinde hadi watakapovipima tena Yerusalemu mbele ya wakuu.

Waliondoka Ahava siku ya 12 ya mwezi wa kwanza. Siku ya kwanza ya mwezi wa tano walikuwa Yerusalemu. Walipumzika siku tatu. Siku ya nne fedha na dhahabu zilipimwa katika nyumba ya Mungu mbele ya kuhani Meremothi na Walawi, kwa hesabu na kwa uzani, na uzani wote ukaandikwa. Hapo ndipo wakatoa sadaka za kuteketezwa. Utaratibu huo unastahili kuzingatiwa: hesabu ilifungwa kwanza.

Waislamu humjua Ezra kwa jina la Uzairi, anayetajwa katika Sura ya Tawba. Wafasiri wengi pia humhusisha na yule mtu wa Sura ya Baqara aliyepita kwenye mji ulioanguka, akauliza utahuishwaje, akafishwa miaka 100 na kuamshwa akakuta chakula na kinywaji chake havijaharibika, ilhali punda wake amebaki mifupa. Humo pia mji uliokufa na riziki iliyohifadhiwa vinasimuliwa kwa pamoja.

Nehemia na meza ya liwali

Nehemia, mnyweshaji wa Artashasta huko Shushani, alikwenda mwaka 445 KK, na alikwenda kinyume na Ezra karibu katika kila jambo. Aliomba barua kwa maliwali. Aliomba barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti ya malango, ya ukuta na ya nyumba yake mwenyewe. Alifika na maofisa wa jeshi na wapanda farasi, wala hakuona haya. Na anapoeleza kwa nini alipewa yote hayo, anasema mkono mwema wa Mungu ulikuwa juu yake, maneno yale yale ya Ezra. Vitabu hivi viwili, ambavyo zamani vilikuwa kitabu kimoja, havisemi ni nani kati yao aliyekuwa na imani zaidi. Nafikiri wahariri walijua walichokuwa wakifanya.

Ukuta ulikamilika kwa siku 52, nusu ya watu wakijenga na nusu wameshika mikuki kujikinga na wapinzani wao Sanbalati, Tobia na Geshemu Mwarabu. Lakini katikati ya kazi hiyo kilio kilitoka ndani, si nje. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka. Wengine walikopa kulipa kodi ya mfalme. Wengine walikuwa wamewatia binti zao utumwani. Wadai wao walikuwa Wayahudi wenzao. Watu waliokombolewa kutoka utumwa wa mataifa walikuwa wakinunuliwa na ndugu zao.

Nehemia alikiri kwamba yeye na watumishi wake walikuwa wakikopesha pia. Akaitisha mkutano mkubwa, akawataka wakubwa warudishe mashamba na riba siku hiyo hiyo, akawaapisha mbele ya makuhani, kisha akakung'uta upindo wa vazi lake: asiyetimiza akung'utwe hivyo kutoka nyumbani mwake. Yeye mwenyewe kwa miaka 12 ya uliwali hakula posho ya liwali, ingawa waliomtangulia waliwatoza watu chakula, divai na shekeli 40 za fedha. Mezani pake walikula watu 150. Kila siku alichinjiwa ng'ombe mmoja, kondoo sita wazuri na kuku, na kila siku kumi divai ya kila aina. Alilipa kutoka mfukoni mwake.

Alipotoka kwenda kwa mfalme na kurudi, aliwakuta Walawi wamekimbilia kila mtu shambani kwake. Mafungu yao hayakuwa yametolewa. Chumba cha ghala kilichokuwa cha zaka alikuwa amepewa Tobia, mpinzani wa zamani, akae humo. Nehemia alitupa nje vyombo vyake vyote, akaamuru vyumba visafishwe, akawarudisha Walawi mahali pao, na akateua watunza ghala wanne: kuhani mmoja, mwandishi mmoja, Mlawi mmoja na msaidizi, kwa sababu walihesabiwa kuwa waaminifu. Walawi wachache waliothubutu kurudi walikuwa wametimiziwa kila ahadi ya njiani. Walichokosa ni zaka ya jirani. Ezra na Nehemia walitofautiana juu ya askari, lakini juu ya mizani na ghala walikuwa kitu kimoja.

Waliobaki

Wayahudi wengi hawakurudi kamwe, wala Biblia haiwalaani. Wao ndio waliochangia fedha za misafara, na Zekaria anataja dhahabu na fedha zilizoletwa kutoka kwao kutengenezea taji. Wengine walikuwa Misri: mwaka 407 KK jumuiya ya Kiyahudi ya kisiwa cha Elefantine, katika mto Nile karibu na Aswan, iliandika barua kwa liwali wa Yuda kuomba msaada wa kujenga upya hekalu lao lililobomolewa, na barua hiyo inawataja wana wa Sanbalati, liwali wa Samaria. Huko Babeli jumuiya ilikua, na karne nyingi baadaye ikatoa Talmudi ya Babeli, kitabu kikuu cha sheria na mafundisho ya Kiyahudi baada ya Biblia.

Jumuiya hiyo ilidumu kwa takriban miaka 2,500. Mwaka 1950 serikali ya Iraki iliwaruhusu Wayahudi kuondoka kwa sharti la kuacha uraia, na Machi 1951 mali za waliojiandikisha kuondoka zikazuiliwa kwa sheria. Zaidi ya watu 120,000 walisafirishwa kwenda Israeli, wengi wao kwa ndege na karibu mikono mitupu. Shughuli hiyo iliitwa Operesheni Ezra na Nehemia.